Bahasha Saba na Geti la Kaka

Chumba namba 6,
Nyuma ya soko,
S.L.P. 418.

Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ni ndefu, na najua magoti yako hayapendi habari ndefu. Vipi mguu wa kushoto? Ile dawa ya kuchua uliyoandikiwa inasaidia, au bado unapanda ngazi kwa kuzihesabu? Na bibi unayemtunza, bado anakuamsha alfajiri kukuuliza kama leo ni Jumanne? Mpe pole, nawe pokea pole yangu. Kumtunza mtu anayesahau ni kuanza kazi upya kila kukicha.

Mimi ni mzima. Kifua hakijanisumbua mwaka huu, meno yametulia, na nimeongeza kilo mbili ambazo sikuzipangia bajeti. Chumba ni kilekile: dirisha moja, ndoo mbili, na ile meza uliyoninunulia nilipomaliza sekondari. Ndiyo ninayoandikia sasa. Mguu wake mmoja umefupika, nimeuwekea vipande vya karatasi chini.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeambiwa kwamba nimemkatalia kaka mbele ya watu, kwamba nimekuwa mchoyo, na ukaniambia kwamba wewe katika umri wangu ulikuwa unatoa bila kuombwa. Ukamalizia, "Kutoa ni moyo, mwanangu." Nimeyaandika maneno hayo kwenye shajara, na tarehe yake. Sasa naomba na mimi unisikilize, tena kwa karatasi, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza na mimi ningelia. Sitaki kulia. Sina kosa la kulilia.

Nianze mwanzo. Mwisho wa mwaka juzi, nilipougua kile kifua, daktari aliniandikia dawa nami sikuwa na hela ya kuinunua. Nilitoka pale na karatasi yangu mkononi kama mtu aliyepewa cheti asichojua pa kukipeleka. Aliyeninunulia dawa ni Bi Gundi. Huyu ni mama tunayefanya naye kazi kiwanda cha chapa, anapaka gundi migongo ya vitabu tangu mimi sijazaliwa. Hakunisema siku hiyo. Alisubiri nipone, kisha akaniambia, "Wewe mtoto ni kisima kisicho na mfuniko. Kila mwenye ndoo anachota, na mvua ikikatika wanakutukana kwamba umekauka."

Nilirudi chumbani nikafungua shajara, nikajumlisha. Mwaka ule nilikuwa nimetoa nyumbani mishahara mitano kati ya kumi na miwili. Si kwa ugonjwa wala ada ya mtoto. Pazia. Betri ya gari. Michango ya harusi ya watu ambao nikikutana nao njiani hawajui jina langu. Nilipotafuta mahali nilipoandika kitu nilichojinunulia mimi, nilikuta soksi.

Basi Januari iliyofuata nikaanza bajeti. Pale kazini vinabaki vipande vya karatasi ngumu ya buluu, ile ya majalada ya madaftari. Nikaviomba, nikakata, nikakunja, nikapata bahasha saba. Nikaziandika kwa mwandiko wangu mzuri uliokuwa ukiusifu hadi ukaniita Karani: Kodi, Chakula, Nauli, Nyumbani, Dharura, Mashine, Mimi. Siku ya mshahara nagawa kabla sijanunua hata soda. Sheria ni moja tu: hela ya bahasha moja haiendi kutembelea nyingine.

Usidhani nilikuwa malaika. Mwezi wa tatu nilichota kwenye Nauli nikanunua gauni la rangi ya zambarau. Nilikwenda kazini kwa miguu siku kumi na moja, mpaka kiatu cha kulia kikaanza kucheka. Bi Gundi akaniuliza, "Gauni ni zuri, lakini mbona kiatu kinanitolea meno?" Nimeyaandika yote hayo. Sifichi ya kwangu ili nisome ya wengine.

Kosa langu kubwa lilikuwa ile bahasha ya Dharura. Kumbe kwetu kila kitu ni dharura. Kaka kuishiwa muda wa maongezi ni dharura. Wifi kutaka vikombe vipya kabla wageni hawajafika ni dharura kubwa zaidi. Kufikia Aprili bahasha ilikuwa imekonda kuliko zote. Nikakata jina lile nikaandika Homa. Sasa anayetaka hela ya Homa lazima pawepo homa, na homa yenyewe iwe mwilini mwangu. Tangu siku hiyo bahasha ile imenenepa, na mimi sijaugua.

Bahasha ya Mashine ndiyo iliyoleta maneno haya yote, kwa hiyo nikueleze vizuri. Kuna fundi mmoja mzee mtaa wa pili, alikuwa na chapa yake ndogo, macho yamemwishia. Alikuwa anauza mashine ya kukatia karatasi, ile ya mkono, yenye kisu kirefu na gurudumu la kubania. Bei yake ni kodi yangu ya miezi kumi na minane. Alinikubalia kuniwekea mpaka Jumamosi ya tarehe 8 Novemba, yaani jana. Ikipita hapo, kulikuwa na mtu wa vyuma chakavu anayeitaka kwa uzito wake, na mzee alikuwa ameshamwambia aje Jumatatu. Kwa mashine hiyo naweza kutengeneza vitabu vya risiti na madaftari kwa jina langu mwenyewe. Pale kiwandani nimefunga vitabu miaka tisa, na hakuna hata kimoja ambacho ni changu.

Nilijibana miezi ishirini na miwili, Shangazi. Nilikula maharage mpaka nikayajua tabia.

Tarehe 3 Oktoba mama alikuja kunitembelea. Nilifurahi mno, nikamwachia kitanda, nikalala chini. Siku ya pili nilirudi kutoka kazini nikamkuta amezipanga bahasha zangu zote mezani kama anacheza karata. Akaniuliza kwa sauti ya chini, huku anatabasamu, "Na huyu Mashine ni nani? Mbona unampa nyingi hivi? Analeta posa lini?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamweleza yote, bei, mzee, tarehe. Mama naye akacheka, akasema, "Nilishaanza kumpenda."

Lakini alikuwa amehesabu. Simlaumu, mama ni mama, alijivuna tu. Alipofika nyumbani akamwambia kaka kwamba mtoto wake wa kike ana hela nyingi ndani ya bahasha. Kaka hakuuliza za nini. Kesho yake alikwenda kwa fundi wa kuchomelea akaagiza geti.

Geti lenyewe ni la chuma, lina simba wawili wanaotazamana. Alilipa kidogo, akaahidi kumalizia tarehe 8 Novemba. Ndiyo, Shangazi, tarehe ileile. Mtu akipata hela hutafuta pa kuzitia; kaka alipata pa kuzitia, kisha ndipo akatafuta mwenye nazo.

Nikaitwa kikao Jumapili iliyopita, tarehe 2. Tulikaa sebuleni kwako. Nasema kwako, kwa sababu ile nyumba ni wewe uliyeijenga, tofali kwa tofali, kwa mshahara wa kumwosha bibi wa watu huko ughaibuni. Baba mdogo alikuwa mwenyekiti, maana yake alikalia kiti chenye mito. Sikuingia mikono mitupu. Nilikwenda na bahasha ya Nyumbani, yenye hela ya miezi miwili, nikaiweka mezani.

Kaka alinipokea kwa kicheko. "Benki yetu imefika! Karibu, Benki, keti." Akafungua bahasha, akahesabu, akaitupa mezani. "Hii si hata bawaba moja, mdogo wangu. Mama ametuambia una bahasha nyingine imevimba."

Nikamwambia ile ina kazi yake.

"Kazi gani? Sisi wenzako tuna watoto. Wewe unamlisha nani? Unalisha godoro?"

Watu wakacheka. Nikamjibu, "Godoro halili, kaka. Lakini linalipiwa kodi kila mwezi. Lako linalipiwa na nani?"

Hapo kicheko kilikatika. Wifi akaingilia, unamjua hawezi kunyamaza pakinyamaza. "Mwanamke wa kujibana hivi mwisho wake atazikwa na bahasha zake."

Nikamwambia, "Sawa wifi, lakini sanda nitakuwa nimeinunua mwenyewe, na hakuna atakayepitisha daftari la mchango."

Najua hukunilea kujibizana na wakubwa. Lakini walikuwa wameniita benki, na benki huwa inatoa taarifa ya hesabu. Nikatoa shajara kwenye mkoba. Nikasoma. Tarehe ya betri ya gari. Tarehe ya pazia. Tarehe ya simu ya kaka iliyodondoka chooni, na ya simu iliyochukua nafasi yake. Sikupandisha sauti. Nilisoma kama tunavyosoma orodha ya kazi asubuhi, jambo, tarehe, jambo, tarehe. Baba mdogo aliamka.

Kisha ukafika ukurasa ambao sikuwa nimepanga kuusoma. Naunakili hapa kama ulivyo.

"Tarehe 14 Agosti. Shangazi amekuja likizo baada ya miaka sita. Amelala kwenye kochi. Chumba chake kina matairi manne, viti vya plastiki na friji mbovu. Kaka amesema wataviondoa wiki ijayo. Shangazi amesema wasijisumbue, mgongo wake unapenda kochi."

Ulikaa siku ishirini na tano, Shangazi. Siku ishirini na tano mgongo wako ulipenda kochi.

Mama akaniambia, "Mwanangu, usituvue nguo mbele ya watu." Nikamwambia, "Mama, simvui mtu. Nasoma tu kilichoandikwa."

Kaka akauliza, "Kwa hiyo geti?" Sauti yake ilikuwa imepungua, na nikuambie ukweli, nilimwonea huruma kidogo. Alikuwa ameshawaambia majirani. Lakini huruma nayo ina bahasha yake, na bahasha yenyewe ilikuwa pale mezani, ameitupa. Nikamjibu hivi: kule kwetu kiwandani, kabla ya kukata unapima karatasi iliyo mbele yako, si iliyo kwenye meza ya jirani. Kisu kikishashuka hakirudi kuomba radhi. Wewe umekata geti kwa karatasi yangu. Hiyo ya Nyumbani ichukue, ni haki yenu, na mwezi ujao italetwa nyingine kama kawaida. Ya Mashine siigusi.

Akaniambia nitoke na shajara yangu. Nikatoka. Lakini kwanza nilipita ukumbini nikafungua mlango wa chumba chako. Matairi sasa ni sita.

Sasa nikuambie kitu ambacho najua hukuambiwa. Nilikuwa nimeshafika barabarani nikasikia ndara zinaburuzwa nyuma yangu. Mama. Nilidhani amekuja kunisuta, nikasimama nisutwe. Akapangusa uso kwa pembe ya kanga yake, akaangalia nyuma kama mtu anayeiba, akaniambia, "Na mimi nitengenezee moja."

Nikamuuliza, "Niiandike nini, mama?"

"Usiandike kitu. Wanajua kusoma."

Mwanamke wa miaka sitini na minne, Shangazi. Wifi yako, ambaye hajawahi kuwa na hela isiyoombwa. Nilimtengenezea siku ileile nilipofika, ya karatasi mbili ili isichanike. Ninyi mkiniita mchoyo nitaikumbuka sauti ile ya ndara.

Jana saa nne asubuhi nilikwenda kwa mzee nikamkabidhi hela yake. Hakuhesabu kwa macho, alihesabu kwa vidole. Kisha akapitisha kiganja juu ya kile chuma, polepole, akasema, "Usiiachie unyevu, na usimwachie mtu asiyepima." Watu wanne waliibeba mpaka hapa. Imeingia chumbani kwa shida. Kitanda nimekisogeza, sasa nikilala miguu inaingia chini ya meza yako. Usiku nikigeuka nagonga goti kwenye chuma. Ni uchungu mzuri ajabu. Sijawahi kugongwa na kitu kilicho changu.

Kazi ya kwanza nimeshaipata, vitabu hamsini vya risiti vya duka la dawa. Ni lile duka ambako Bi Gundi alininunulia dawa. Mwenye duka aliniuliza kama nitaweza kumaliza kwa wiki mbili. Nikamwonyesha shajara, nikamwambia siku kumi.

Kwenye kundi la simu la ukoo nimeondolewa tangu Jumanne. Nimesikia kaka ameandika kwamba kuna watu wakipata mshahara wanadhani wameota mabawa. Mabawa sina. Nina bahasha saba na mashine moja, na hasira zake nitazisubiri zipoe. Ni kaka yangu, na akiugua homa ya kweli nitakuwa wa kwanza kufika, anajua hivyo. Lakini simba wawili wa chuma si homa.

Na sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Mama ameniambia kwamba fundi wa kuchomelea ameongeza muda mpaka tarehe 30, na kaka ameshawaambia watu kwamba Shangazi atamalizia, yeye ana moyo. Ndiyo maana ule ujumbe wako umekuja sasa. Mimi nimekataa, kwa hiyo zamu imefika kwako. Najua utakuwa umeshaanza kuuliza kama unaweza kufanya kazi na Jumapili pia.

Siwezi kukukataza. Wewe ni mkubwa wangu, na bila mkono wako nisingejua kuandika hata neno bajeti. Ulitoa, tena ulitoa vizuri, na kila nikikata karatasi juu ya meza hii nakumbuka. Sisemi moyo wako ulikosea. Nasema moyo wako umejenga nyumba ya vyumba vitano, na wewe ukija unalala sebuleni.

Kwa hiyo nakutumia kitu. Ndani ya barua hii kuna bahasha moja ya buluu. Nimeikata jana jioni kwa mashine yangu, ni ya kwanza kabisa, tazama ukingo wake ulivyonyooka. Ya mama niliiacha bila jina, yako nimeiandika kwa wino mzito ili hata bibi wako anayesahau aweze kukusomea: CHUMBA CHA SHANGAZI. Ni tupu. Sikuweka kitu makusudi, kwa sababu hela ya kwanza kuingia humo nataka iwe yako, na nataka usimwambie mtu yeyote, hata mimi.

Kabla ya tarehe 30 iweke mezani na uiangalie. Halafu jiulize swali moja tu, usinijibu kwa simu: geti lile likishasimamishwa, likafungwa kwa kufuli, wewe utakuwa upande gani?

Nisalimie bibi wako, mwambie leo ni Jumapili. Msalimie na yule rafiki yako mpishi aliyekuazima koti. Bi Gundi anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema watu wanaotoa wanafahamiana kwa viatu vyao vilivyochakaa. Mama anakusalimu kwa siri, na baba mdogo anakusalimu kutoka kwenye mito yake. Kaka hakunituma salamu, lakini najua anakupenda kwa namna anayoijua. Naomba ajifunze nyingine. Mungu akupe magoti mepesi, baridi fupi, na kitanda chenye mlango unaofungwa kwa ndani.

Wako akupendaye, pamoja na ukaidi wake,

Mtoto wa kaka yako, Karani.